Oksijeni Moja

Hotuba kwa wanafunzi wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na bailojia), walimu, wazazi na wahudumu wa afya, Siku ya Sayansi, Dodoma

Mbukwenyi nyote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, wauguzi na watu wa maabara mliotoka vituoni, na ninyi vijana wa PCB ambao leo ndio wenye shughuli: asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kemia ya asidi nukleiki, yaani DNA na RNA, na ya nukleotidi, vipande vinavyoziunda. Mwalimu wenu wa bailojia aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, hawa watoto wanaikariri mada hii mpaka nukta, ila ukiwauliza kwa nini, wanaangalia dari." Namwelewa. Mada ina majina mengi, na majina yakizidi mtu huyameza tu ili mtihani upite.

Kwa hiyo sitawapa mada nzima. Nitashika atomu moja ya oksijeni na kuifuata inakokwenda, pale ilipo na pale ilipoondolewa. Itatupitisha Kondoa kwenye mifupa ya kale, itatupeleka CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wenye virusi vya UKIMWI, na itatufikisha wodi ya watoto wenye sikoseli. Najua wengi humu wakisikia DNA akili inakimbilia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za baba wa mtoto ni nani. (Kicheko.) Huko tutapita pia, ila mbio mbio, maana kikemia ndiyo sehemu nyepesi.

Kwanza tuanzishe kazi hapa mezani, ya kutoa DNA kwenye ndizi, kwa sababu inataka muda. Nina ndizi mbivu za Soko la Majengo, chumvi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chujio la chai, na spiriti iliyolala kwenye friza usiku kucha. Nilitamani kutumia zabibu kwa heshima ya Makutupora, lakini zabibu ina tanini nyingi na humsumbua hata fundi mzoefu. Ndizi haina maringo. Wanangu wawili njooni mbele: pondeni ndizi, changanyeni na maji yenye chumvi na sabuni, koroga polepole bila kufanya povu, kisha chujeni. Sabuni inayeyusha utando wa mafuta unaozunguka seli na kiini chake. Chumvi ina kazi yake, nitaieleza. Mkimaliza, mwageni spiriti taratibu ubavuni mwa glasi ikae juu, msikoroge tena. Sisi tunaendelea.

Nukleotidi moja ina sehemu tatu: sukari yenye kaboni tano, fosfati, na besi yenye naitrojeni. Ondoa fosfati, inabaki nukleosidi. Besi za purini, yaani adenini na guanini, zina pete mbili zilizoungana. Za pirimidini, yaani sitosini, thimini na urasili, zina pete moja. Hayo mnayajua, nayapita.

Ninachotaka mkae nacho ni sukari. Watu huidharau. Vitabuni huchorwa pembetano tupu, halafu macho yote yanakimbilia kwenye besi kwa kuwa ndizo zenye herufi: A, G, C, T na U. Chukueni kalamu tuichore kwa haki yake. Kona moja ya pembetano ni oksijeni, kona nne ni kaboni, na kaboni ya tano inaning'inia nje ya pete. Tunahesabu kuanzia kaboni iliyoshika besi: hiyo ni ya 1. Ile iliyo nje, ya 5, ndiyo inayobeba fosfati. Sasa angalieni ya 2 na ya 3. Kwenye ribosi, sukari ya RNA, zote mbili zina hidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni yake. Kwenye deoksiribosi, sukari ya DNA, kaboni ya 3 inayo hidroksili, lakini ya 2 ina haidrojeni tu. Ribosi ni C5H10O5, deoksiribosi ni C5H10O4. Basi. Mengine yote kwenye sukari hizi mbili yanafanana.

Phoebus Levene, mkemia aliyefanya kazi New York, aliitambua ribosi mwaka 1909. Deoksiribosi haikumkubali hadi 1929. Ilipita miaka 20 kati ya sukari hizi mbili, na huyo alikuwa mtu makini kweli kweli. Huyo huyo ndiye aliyedhani kwamba DNA ni nukleotidi nne nne zinazojirudia bila kusema lolote, dhana iliyowachelewesha watu sana. Oswald Avery na wenzake walipoonyesha mwaka 1944 kwamba DNA ndiyo inayobadilisha tabia za bakteria wa nimonia, wengi waliendelea kushikilia kwamba urithi uko kwenye protini.

Tuziunganishe sasa. Fosfati ya kaboni ya 5 ya nukleotidi moja hushikana na hidroksili ya kaboni ya 3 ya nukleotidi iliyotangulia. Bondi hiyo ni fosfodiesta. Mnyororo unaopatikana una mwelekeo: mwisho mmoja ni wa kaboni ya 5, mwingine ni wa kaboni ya 3, wenye hidroksili iliyo wazi ikingoja mgeni. Kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachojenga DNA huongeza upande huo wa 3 peke yake. Hidroksili hiyo muiweke akiba, tutaihitaji.

Na kila fosfati ndani ya mnyororo inabaki na chaji hasi moja, kwa sababu protoni yake imeondoka. Mwanzoni mwa 1953 Linus Pauling, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne ile, alichapisha muundo wa DNA wenye nyuzi tatu, fosfati zikiwa zimebanana katikati. Ili zisisukumane ilibidi aziache na haidrojeni zake, zisiwe na chaji. Yaani bingwa wa kemia alijenga asidi ambayo si asidi! Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hii wanaponiletea modeli inayopendeza kupita kiasi.

Kule London, Rosalind Franklin alikuwa ameshaona kwa eksirei kwamba fosfati ziko nje. Picha mashuhuri ilipigwa Mei 1952, yeye akiwa na mwanafunzi wake Raymond Gosling. James Watson na Francis Crick walitumia data zake bila yeye kujua, wakazichanganya na hesabu za Erwin Chargaff kwamba adenini hulingana na thimini na guanini hulingana na sitosini, na tarehe 25 Aprili 1953 muundo wao ukatoka: nyuzi mbili zilizosokotana zikielekea pande tofauti, fosfati nje, besi ndani, A na T kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa tatu. Tuzo ya Nobel ya 1962 ilikwenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Franklin alikuwa amefariki 1958 akiwa na miaka 37. Mimi bado naliona jambo hilo halikukaa sawa, ila tuendelee.

Kutoka jozi moja ya besi hadi inayofuata ni nanomita 0.34. Zidisheni kwa jozi zaidi ya bilioni 6 zilizomo ndani ya seli moja ya mwili wenu, mtapata kama meta 2, zimekunjwa kwenye kiini kisichoonekana kwa macho. Zinakunjika kwa sababu zimezungushwa kwenye protini za histoni zenye chaji chanya, na chaji hasi za fosfati zinazipenda.

Haya, glasi yetu inasemaje? Inua juu binti, waone. Huo utando mweupe wenye mnato unaopanda mpakani mwa spiriti ndiyo DNA ya ndizi, ingawa si yenyewe peke yake. Humo kuna pektini, protini na RNA pia. Kwa nini imejitokeza? Kwenye maji, chaji za fosfati zinaifanya DNA iyeyuke vizuri. Chumvi imeleta sodiamu yenye chaji chanya, lakini maji yanaizunguka na kuitenganisha na fosfati. Spiriti ikiingia, nguvu ya maji ya kutenganisha chaji inapungua, sodiamu inazishika fosfati, na DNA inakosa sababu ya kubaki ndani ya maji. Mzungushie kijiti, itajiviringa. Ndiyo, unaweza kuigusa. Haiumi.

Turudi kwa oksijeni yetu, ile ya kaboni ya 2.

Kwenye RNA ipo, na iko jirani kabisa na fosfati iliyoshikwa na kaboni ya 3. Mazingira yakiwa ya alkali, hidroksili hiyo hupoteza protoni, oksijeni inabaki na chaji hasi, inaigeukia fosforasi iliyo karibu, inaishika, na mnyororo unakatika. RNA inajikata yenyewe. Ukiweka RNA na DNA kwenye sodiamu haidroksaidi, RNA itavunjika hadi nukleotidi moja moja, wakati DNA itaachana nyuzi zake mbili tu, kila uzi ukibaki mzima. DNA haina oksijeni ya kujidhuru nayo.

Hapa ndipo Kondoa inapoingia. Wengi mnaifahamu Kondoa kwa michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko huko kuna pango la Kisese II. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu sita wa kale wa mashariki na kusini-kati ya Afrika walioishi ndani ya miaka 18,000 hivi iliyopita, na mifupa ya Kisese II ilikuwemo, pamoja na ya Mlambalasi kule Iringa. Si kazi rahisi. Joto letu hung'oa purini kutoka kwenye sukari, na pale zilipong'oka mnyororo hudhoofika na kukatika, ndiyo maana DNA ya kale ya nchi za joto hupatikana vipande vipande vifupi. Lakini vipande vilikuwepo, vikasomeka. RNA isingengoja mpaka watafiti wafike.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuja mliona upande wa pili. Chanjo ya Pfizer na BioNTech ni RNA, na ilipotoka ilitaka friza za karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Sababu mojawapo ni oksijeni hii hii.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo mitihani haiulizi na mimi nalipenda kuliko yote. Kwa nini RNA hutumia urasili na DNA hutumia thimini? Zote hushikana na adenini vilevile. Thimini ni urasili iliyoongezewa kundi la methili, yaani kaboni moja na haidrojeni zake tatu, na kuiongeza kunaigharimu seli. Jibu liko kwa sitosini. Sitosini hupoteza kundi lake la amini yenyewe tu, ikiwa ndani ya maji, na ikishapoteza inakuwa urasili. Jambo hili hutokea kila siku ndani ya kila seli yenu. Kama DNA ingekuwa na urasili kihalali, seli ingejuaje ipi ni ya halali na ipi ni sitosini iliyoharibika? Kwa kuwa DNA hutumia thimini, urasili yoyote ikionekana humo ni kosa, na kipo kimeng'enya kinachozunguka kuzing'oa. Tomas Lindahl aliyeigundua kazi hiyo alipata Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Sasa ile hidroksili ya akiba, ya kaboni ya 3.

Virusi vya UKIMWI hubeba RNA. Vikiingia kwenye seli vinaigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya chao wenyewe, na kimeng'enya hicho hufuata sheria ile ile: nukleotidi mpya hushikwa na hidroksili ya kaboni ya 3 ya ile iliyotangulia. Dawa ya zidovudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ni thimidini ambayo kwenye kaboni ya 3 imewekewa kundi la azido, yaani naitrojeni tatu zilizofuatana, badala ya hidroksili. Kimeng'enya cha virusi kinaipokea kikidhani ni mwenzake. Fikirini treni yetu ya Dodoma inaungwa mabehewa, halafu mtu anachomeka behewa lenye kiungio mbele na nyuma halina kitu: limeunganishwa vizuri, lakini nyuma yake hakuna behewa litakalofungwa tena. Mnyororo wa DNA ya virusi unaishia hapo.

Kidonge cha TLD ambacho ndugu zetu wengi humeza mara moja kwa siku kina dawa tatu. Mbili kati ya hizo, tenofoviri na lamivudini, zinafanya ujanja huo huo. Tenofoviri inafanana na nukleotidi ya adenini, lamivudini na nukleosidi ya sitosini, na zote hazina hidroksili ya kaboni ya 3. Ya tatu, dolutegraviri, inapiga mahali pengine. Sasa muuguzi akimwambia mgonjwa asiruke dozi, kijana wa PCB ajue kinachotetewa ni nini: kwamba kila mara kimeng'enya cha virusi kinaponyoosha mkono kuchukua nukleotidi, nukleotidi bandia ziwepo za kutosha karibu yake.

Frederick Sanger alitumia ujanja huo mwaka 1977 kusoma mpangilio wa besi za DNA. Alichanganya nukleotidi chache zisizo na hidroksili ya 3, minyororo ikakatika kwenye kila herufi, akaipanga kwa urefu na kusoma. Ilimpa Nobel yake ya pili, ya 1980.

Na oksijeni ya kaboni ya 2 inaondolewaje hasa? Seli haitengenezi deoksiribosi ya DNA tangu mwanzo. Inatengeneza nukleotidi za RNA, kisha kimeng'enya kiitwacho ribonukleotidi riduktasi kinaing'oa oksijeni hiyo. Kazi hiyo ni ngumu kikemia. Kinatumia radikali huru, yaani chembe yenye elektroni isiyo na mwenzake, kitu ambacho seli kwa kawaida hukikimbia. Ukikizuia, seli inakosa malighafi ya DNA. Dawa ya haidroksiurea inakizuia.

Nimeitaja kwa sababu ya sikoseli. Mnajua chanzo chake: kwenye jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, kodoni ya sita, yaani kundi la herufi tatu, iliyopaswa kuwa GAG imekuwa GTG, asidi ya glutamiki ikawa valini. Ni besi moja tu. Haidroksiurea hairekebishi besi hiyo. Inafanya uloto uongeze himoglobini ya kitoto, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, na himoglobini hiyo inazuia chembe nyekundu zisijikunje. Kinachobadilisha uloto wenyewe ni upandikizaji, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma imewafanyia watoto wenye sikoseli. Wazazi, hiyo ni habari ya kuulizia.

Nilisema tutapita kwa Mkemia Mkuu. Kuna sehemu za DNA ambazo herufi chache hujirudia rudia, na idadi ya kujirudia hutofautiana kati ya mtu na mtu. Nusu umeipata kwa mama, nusu kwa baba. Maabara inazinakilisha, inazivuta kwa umeme kuelekea upande chanya kwa sababu fosfati zina chaji hasi, vipande vifupi vinatangulia, na urefu unasomwa. Hapa kwetu jambo hili lina sheria yake ya mwaka 2009, si la kufanywa uchochoroni. Yatosha. Karibuni maswali.

Kijana wa kidato cha sita aliuliza: kama RNA ni dhaifu hivyo, kwa nini seli isitumie DNA kwa kila kitu?

Swali zuri. Kwanza, RNA hubeba ujumbe wa kutengeneza protini, na ujumbe usiofutika ni mzigo. Seli inapotaka kuacha kutengeneza protini fulani, inafaa ujumbe wake uvunjike. Pili, oksijeni hiyo si hasara tupu. Inaipa RNA uwezo wa kujikunja maumbo mengi na hata kuendesha mmenyuko wa kemikali. Thomas Cech na Sidney Altman walipata Nobel mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya. Ribosomu inayounga asidi amino zako sasa hivi, sehemu yake inayounga ni RNA.

Mzee mmoja aliuliza kama kula hizo DNA za nyama na ndizi kuna madhara.

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna, zinameng'enywa. Ila purini zikivunjwa mwilini huishia kuwa asidi ya yuriki, na ikizidi kwenye damu hujikusanya kwenye viungo, ndilo jongo. Maini, figo na dagaa vina purini nyingi, nyama choma nayo imo. Ndizi hazina neno. Kama kidole gumba cha mguu kinawaka usiku, nenda hospitali wakupime. Ipo dawa ya alopurinoli inayozuia kimeng'enya cha mwisho katika safari hiyo.

Muuguzi kutoka kituo cha nje ya mji aliuliza kwa nini wanasisitiziwa kukausha kabisa matone ya damu kwenye karatasi kabla ya kuyatuma maabara.

Kwa sababu ya yote tuliyosema. Ukiwa unatafuta RNA ya virusi, maadui ni wawili: vimeng'enya vinavyokata RNA, ambavyo vimo kwenye damu na hata kwenye ngozi ya vidole vyako, na hidroksili ya RNA yenyewe. Wote wawili wanataka maji. Karatasi ikikauka, vimeng'enya vinalala na kemia inapungua kasi sana. Ikibaki mbichi ndani ya mfuko uliofungwa, na jua letu likapiga sanduku juu ya bodaboda, unaweza kupata jibu la virusi kidogo wakati viko vingi. Kwa hiyo vaa glavu, ianike mahali palipo wazi pasipo na jua la moja kwa moja, usiipashe moto kuharakisha, ikikauka ndipo uifunge, na ile pakiti ndogo ya kunyonya unyevu usiisahau ndani.